Spanieli wa Sussex: Uhaba Unapogeuka Maradhi

Spanieli wa Sussex hana haraka. Ana mwili mrefu juu ya miguu mifupi minene, na kila hatua anayopiga humyumbisha kidogo kushoto na kulia. Kichwa hukiinamisha, paji la uso limekunjamana, na macho yake ya hudhurungi humtazama mtu kana kwamba kuna msiba nyumbani. Sura hiyo inadanganya. Mwangalie mkia. Hautulii, na mara nyingi mtikisiko wake huanzia kiunoni, nusu nzima ya nyuma ya mwili ikicheza pamoja nao. Kimo chake mabegani ni sentimita 38 hadi 41, uzito wake ni kama kilo 20 na kitu, na manyoya yake yana rangi ambayo haipo kwa spanieli mwingine yeyote: rangi ya maini iliyoiva, ambayo kila unywele huishia kwenye ncha ya dhahabu. Akisimama juani, anang'aa.

Ni mbwa mzuri, na ni mbwa aliye hatarini. Klabu ya Mbwa ya Uingereza, ambayo tangu 1873 ndiyo mtunza daftari la mbwa wa nchi hiyo, ina orodha ya aina za asili za huko ambazo watoto wanaosajiliwa kwa mwaka hawafiki 300. Spanieli wa Sussex yumo kwenye orodha hiyo, tena upande wa chini kabisa. Labrado husajiliwa kwa makumi ya maelfu kila mwaka, ilhali watoto wote wa Sussex waliozaliwa Uingereza kwa mwaka mzima wangeweza kuenea ndani ya ukumbi wa harusi. Watu wengi wakisikia habari ya mbwa adimu hufikiria thamani na fahari. Mimi nimekuja kuamini jambo jingine: kwa mnyama anayefugwa, uhaba wenyewe ni maradhi, na kumtunza mbwa huyu bila kulijua hilo ni kumtunza nusu.

Tuanze na udongo. Sussex ni jimbo la kusini-mashariki mwa Uingereza, na eneo lake la ndani, liitwalo Weald, lina mfinyanzi mzito unaonata kwenye viatu, vichaka vilivyofungamana, na nyua za miiba zilizokua kwa karne nyingi. Katika kijiji cha Brightling palikuwa na shamba kubwa liitwalo Rosehill, mali ya ukoo wa Fuller. Mmoja wao, Augustus Elliott Fuller, ambaye baadaye alikuwa mbunge, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mbwa hawa, na mwaka unaotajwa ni 1795. Aliendelea kuwafuga hadi alipofariki 1857.

Fuller na wenzake waliwinda kwa miguu, kwa bunduki za kushindilia baruti mdomoni, ndugu wa gobori zilizojulikana huku kwetu. Bunduki ya namna hiyo hupiga mara moja, kisha mwindaji anasimama kuishindilia upya. Mbwa mwenye kasi akikimbia mbele na kumfurusha ndege hatua mia moja kutoka hapo, ndege amekwenda, kwa kuwa marisau hayafiki. Kilichotakiwa ni mbwa mzito, mwenye kifua kipana cha kupasua vichaka na miguu mifupi ya kumpitisha chini ya miiba, anayefanya kazi polepole na karibu na bwana wake. Tena kilitakiwa kitu kimoja ambacho spanieli wengine wengi hukatazwa: sauti. Sussex akinusa harufu ya windo hubweka. Ndani ya kichaka ambamo mwindaji haoni hata mkia, sauti humwambia mbwa yuko wapi na kama ameshakaribia. Walinzi wa mashamba ya zamani walisema wanaweza kutofautisha, kwa kubweka tu, kama mbwa amepata ndege au sungura.

Kisha bunduki zikabadilika. Zikaja za kujaza risasi kwa nyuma, zinazopigwa haraka, na uwindaji wenyewe ukawa wa mashamba makubwa ambako ndege hufurushwa kwa makundi. Mbwa wa polepole tena mwenye kelele akageuka mzigo, na wawindaji wakahamia kwa spanieli wa aina ya springa na koka, ambao ni wepesi na wakimya. Klabu ya mbwa ya Marekani ilipoundwa mwaka 1884, Sussex alikuwa miongoni mwa aina za mwanzo kabisa kutambuliwa, lakini kutambuliwa kwenye karatasi hakukumwongezea watoto. Vita Kuu ya Kwanza vikapunguza waliokuwepo. Vya Pili vilikaribia kuwafuta kabisa, maana chakula kilikuwa kwa mgawo na ufugaji wa mbwa haukuhimizwa.

Kwamba wapo hadi leo ni kwa sababu ya mwanamke mmoja, Joy Freer, aliyeanza kuwafuga miaka ya 1920 na kuwapa mbwa wake jina la ukoo la Fourclovers. Katika miaka yote ya vita alibaki na mbwa wachache, akawalisha, na vita vilipokwisha akawazalisha. Spanieli wote wa Sussex walio hai sasa, wawe Uingereza, Marekani au Skandinavia, wana damu ya mbwa wake. Namheshimu sana mama huyu. Lakini kile alichokiokoa kilikuja na deni, na deni hilo linalipwa hadi leo na mbwa wenyewe.

Kila mbwa hubeba nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Kundi kubwa lina nakala za namna nyingi. Kundi likipungua hadi wanyama wachache, namna nyingi hupotea hapohapo kwa bahati tu, kama mtu anavyochota kiganja kimoja kutoka gunia la maharage ya mchanganyiko: rangi nyingine hazitaingia kiganjani, na ukipanda hicho kiganja shamba lako halitakuwa nazo tena. Kundi linaweza kuongezeka baadaye hadi mamia. Kilichopotea hakirudi.

Hesabu yake si ngumu. Tuchukulie mbwa wanane, madume wanne na majike wanne, wote wakizaa sawasawa. Nadharia ya urithi inasema kila kizazi kitapoteza sehemu moja ya 16 ya utofauti wa jeni uliobaki, yaani asilimia 6 na ushei. Sasa tuseme dume ni mmoja tu na majike ni saba. Mbwa bado ni wanane, lakini kwa mizani ya urithi kundi hilo lina uzito wa mbwa watatu na nusu, na hasara ya kila kizazi inapanda hadi asilimia 14. Ndiyo maana madume mabingwa wa maonyesho ni hatari kuliko wanavyoonekana. Dume akishinda kikombe, kila mwenye jike anamtaka, na baada ya miaka kumi nusu ya vijana wa aina hiyo ni ndugu wa baba mmoja.

Tanzania ina mfano wake wa jambo hili, na ni mfano mashuhuri. Mwaka 1962, baada ya mvua nyingi, nzi waumao walifurika katika kreta ya Ngorongoro na kuwashambulia simba hadi wakabaki majike tisa hivi na dume mmoja. Mwaka 1964 na 1965 madume saba waliingia kutoka nje. Watafiti walipofuatilia koo za simba wa kreta miaka ya baadaye, waliona kwamba wote wanatokana na waasisi 15 tu, na kwamba ukiwalinganisha na wenzao wa Serengeti wana utofauti mdogo wa jeni na mbegu nyingi zaidi za kiume zenye kasoro. Wale madume saba wageni ndio waliowapa simba wa kreta nafasi ya kuendelea. Spanieli wa Sussex amefungiwa ndani ya kreta ya makaratasi. Dume wa nje hawezi kuingia isipokuwa mtu amruhusu.

Kinyume chake ni mbwa koko. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia, na ikaonekana kwamba mbwa hao, wasio na cheti wala bwana wa kuwachagulia wachumba, wana utajiri wa jeni ambao mbwa wengi wa ukoo wa Ulaya wameupoteza. Mbwa anayelala pembeni ya kituo cha bodaboda ana kitu ambacho mfugaji wa Sussex angetoa fedha nyingi kukipata.

Uchache wa jeni huonekanaje kwa mbwa aliye mbele yako? Tumchukue mmoja, mtoto wa miezi michache. Anakula vizuri, anacheza. Siku moja anakimbia uwanjani kwa dakika chache tu, kisha miguu inalegea, anahema kupita kiasi, anaanguka. Baada ya kupumzika anainuka. Kesho yake inatokea tena. Mwenyewe anadhani ni joto au uvivu. Daktari wa mifugo akipima damu anakuta asidi ya lakti imepanda mno.

Kinachotokea kiko ndani ya seli. Sukari ikivunjwa, hutoa kitu kiitwacho piruvati. Kwa kawaida piruvati huingia ndani ya mitokondria, na huko mashine moja kubwa ya vimeng'enya huibadilisha ili ichomwe kwa oksijeni na kutoa nguvu nyingi. Mashine hiyo ina swichi. Kimeng'enya kimoja huizima kwa kuibandika fosfati, na kingine huiwasha kwa kuibandua. Jeni inayotoa maelekezo ya kile cha kuwasha huitwa PDP1. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba kwa baadhi ya spanieli wa Sussex, na wa binamu yao Clumber, jeni hii ina herufi moja iliyobadilika, na badiliko hilo linaukatisha ujumbe katikati. Kimeng'enya hakitengenezwi. Swichi inabaki imezimwa. Piruvati inajazana, mwili unaigeuza kuwa lakti, na misuli inakosa nguvu huku damu ikijaa asidi. Binadamu wachache sana nao wamepatikana na upungufu wa kimeng'enya hikihiki, kwa hiyo mbwa hawa wamewafundisha madaktari wa watoto kitu ambacho ingekuwa vigumu kukipata kwingine.

Matunzo yake yanafuata mantiki ileile. Mafuta ya chakula yakivunjwa hayapiti kwenye mashine iliyozimwa, huingia mitokondria kwa mlango wake. Kwa hiyo mbwa mgonjwa hupewa chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo, huongezewa vitamini B1 ambayo mashine hiyo huihitaji, na hazuiwi tu kukimbia, bali siku yake yote hupangwa ili asije akalazimika kukimbia. Wengine huishi miaka kadhaa hivyo. Wengine hufa wadogo.

Ugonjwa huu hutokea pale tu mbwa anaporithi nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama pia. Mwenye nakala moja mbovu ni mzima kabisa, anakimbia, anawinda, anashinda vikombe. Huyu huitwa mbebaji. Wabebaji wawili wakizaa, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne atakuwa mgonjwa. Mbebaji akizaa na asiye na kasoro, hakuna hata mtoto mmoja atakayeugua, ingawa kwa wastani nusu yao watakuwa wabebaji kama mzazi wao. Kipimo ni rahisi: kijiti cha pamba kilichopanguswa ndani ya shavu, bahasha, na majibu.

Hapa ndipo mfugaji wa mbwa adimu anapotofautiana na wa Labrado. Busara ya haraka ingesema mbebaji asizae. Kwa Labrado, sawa, wapo wengine elfu. Kwa Sussex, ukiwafungia nje wabebaji wote kwa mkupuo, unatupa pamoja nao maelfu ya jeni nyingine nzuri ambazo pengine hawana wengine, na kundi lililobaki linakazana zaidi. Baada ya vizazi vichache nakala nyingine mbovu, ambayo leo haina hata jina, itakutana na pacha wake. Njia sahihi ni kumzalisha mbebaji mwenye afya na asiye mbebaji, kuwapima watoto, na kuchagua polepole. Inahitaji uvumilivu, na inahitaji mfugaji kukiri hadharani kwamba bingwa wake ni mbebaji. Kuficha majibu ya vipimo katika aina yenye mbwa wachache hivi ni kosa kubwa kuliko yote ninayoyafahamu katika ufugaji wa mbwa.

PDP1 ina kipimo. Matatizo mengine ya Sussex hayana, kwa sababu yanatoka kwenye jeni nyingi kwa pamoja. Nyonga ndiyo kubwa: kichwa cha fupa la paja hakikai sawasawa kwenye tundu lake, kiungo kinasagika, na mbwa wa makamo anaanza kuinuka kwa taabu asubuhi. Katika kumbukumbu za picha za eksirei za shirika la OFA la Marekani, zaidi ya theluthi ya spanieli wa Sussex waliopigwa picha wana nyonga zenye kasoro, kiwango ambacho ni miongoni mwa vya juu kabisa kwa mbwa wote. Moyo nao una mambo yake. Kuna mshipa unaounganisha mkole na ateri ya mapafu wakati mtoto yuko tumboni, ambao unapaswa kujifunga siku chache baada ya kuzaliwa, na kwa baadhi yao haujifungi. Daktari mwenye sikio zuri huusikia kwa stetoskopu mtoto akiwa na wiki sita hadi nane, muungurumo usiokatika kati ya mapigo. Asinunuliwe mtoto wa Sussex ambaye moyo wake haujasikilizwa.

Kuzaa ni kazi nzito. Majike wengi hushika mimba kwa shida, huzaa watoto wachache, na mara nyingi huishia kwenye upasuaji. Uzazi hafifu ni mojawapo ya dalili za kwanza za damu iliyokaribiana mno, popote duniani na kwa mnyama yeyote. Wafugaji hukesha, huwapima watoto kwa mizani ya jikoni kila siku, na mtoto asiyeongezeka gramu kwa siku moja huchukuliwa kuwa mgonjwa mpaka ithibitike vingine.

Basi mtoto amekua, amefika nyumbani kwako, mzima. Anahitaji nini? Kwanza, sakafu. Mtoto wa Sussex ni mzito kuliko mifupa yake, na mwaka wake wa kwanza usipite kwenye vigae vinavyoteleza wala kupanda na kushuka ngazi. Tandika zulia, mbebe kwenye ngazi, na usimpeleke matembezi marefu mpaka mifupa ikomae. Pili, bakuli. Mbwa huyu hupenda kula kuliko anavyopenda kukimbia, na kila kilo ya ziada hukaa juu ya zile nyonga na juu ya uti wa mgongo ule mrefu. Ukipitisha vidole ubavuni bila kukandamiza, uzisikie mbavu. Usipozisikia, punguza chakula, hata kama macho yale ya msiba yanakusihi.

Masikio yanataka maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiko wengi wanakoshindwa. Sikio la Sussex ni pana, nene, linaning'inia usawa wa jicho na kuufunika kabisa mlango wa tundu. Hewa haipiti. Ndani kuna joto na unyevu, mazingira ambayo kuvu aina ya malasezia huyapenda. Mara moja kwa wiki linyanyue na kulinusa. Sikio zima halina harufu ya kutajika. Lenye kuvu lina harufu tamu iliyochacha, na ukipangusa na pamba inatoka nta ya kahawia iliyokoza. Mimina dawa ya kusafishia aliyokupa daktari wa mifugo, kanda shina la sikio kwa nje mpaka usikie mlio wa majimaji, muache ajikung'ute, kisha pangusa kile tu kilichokuja juu. Usiingize kijiti cha pamba ndani. Tundu la sikio la mbwa hushuka chini kisha hukata kona kuelekea ndani, na kijiti husukuma uchafu mpaka kwenye kiwambo. Nywele za upande wa ndani zipunguzwe ili hewa ipite, na kila baada ya kuogelea masikio yakaushwe, maana Sussex huyapenda maji.

Kope za chini huning'inia kidogo na hushika vumbi, zipanguswe kwa pamba na maji safi. Kati ya vidole kuna nywele ndefu zinazokusanya matope na mbegu za majani, na mbegu yenye ncha ikiingia kwenye ngozi husafiri. Kagua nyayo kila anaporudi. Manyoya yapigwe brashi mara kadhaa kwa wiki.

Na joto. Mbwa hapoi kwa kutoka jasho mwilini, hupoa kwa kuhema, na huyu amevaa koti zito lililokusudiwa mvua ya Sussex. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam anayemtamani, namsihi amtamani akiwa mbali.

Tabia yake ndiyo sababu ya wachache hawa kumng'ang'ania. Sussex ni mtulivu kuliko spanieli wengine, ila si mlegevu. Akiwa kazini hachoki haraka, atapekua kichaka kimoja mpaka kiishe kabla hajaenda kingine. Huchagua watu wake na kuwaambatia, na huwa na mashaka na wageni mlangoni. Hukawia kupevuka kiakili, hata mambo ya kujisaidia nje huchukua muda kuliko kwa mbwa wengine, na ana ukaidi wa aina yake: anaelewa amri, anaipima. Ukimkaripia anajifunga, na unaweza kupoteza wiki kadhaa za mafunzo kwa hasira ya dakika moja. Kipande cha nyama na sauti ya upole humfikisha popote. Asichokiweza ni upweke. Ile sauti aliyopewa kwa ajili ya vichaka huitumia kuomboleza akiachwa peke yake nyumbani, na wakiwa wawili au watatu, mmoja akianza wengine huitikia, vichwa juu. Mtu anayeondoka alfajiri na kurudi usiku asimchukue mbwa huyu.

Dunia ilimjua kwa muda mfupi mwezi Februari 2009. Katika maonyesho ya Westminster jijini New York, kikombe cha mbwa bora kuliko wote kilikwenda kwa Sussex aitwaye Stump, kwa jina lake la daftarini Clussexx Three D Grinchy Glee. Alikuwa na miaka kumi, na hakuna mbwa wa umri huo aliyewahi kushinda. Miaka mitano kabla yake alikuwa ameugua nusura afe, akalazwa siku 19 katika hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Texas A&M, na akastaafu maonyesho. Aliporudi uwanjani alitembea mwendo uleule wa kuyumba, bila haraka, na ukumbi ukasimama. Alikufa 2012. Nilifurahia ushindi wake na bado naufurahia. Lakini umaarufu haukuwajaza Sussex majumbani, na pengine ni heri, maana mahitaji ya ghafla kwa aina ndogo huzaa wauzaji wasiopima chochote.

Linalobaki ni suala la kreta, la kumruhusu dume wa nje. Limewahi kufanyika: mwaka 1954 Sussex alichanganywa na Clumber ili kuongeza nguvu na idadi. Lilikuwa jambo la busara kwa wakati ule, lakini Clumber naye ni adimu, na hitilafu ya PDP1 inapatikana kwa wote wawili. Kuchanganya mbari mbili maskini hakuzalishi utajiri.

Mfano bora ni wa Dalmeshia. Mbwa hao wenye madoa wote walikuwa na kasoro moja ya jeni inayojaza asidi ya yuriki kwenye mkojo na kuleta mawe ya kibofu. Mwaka 1973 Robert Schaible, mtaalamu wa urithi wa Marekani, alimzalisha Dalmeshia na mbwa wa aina ya pointa mara moja tu, kisha watoto wakarudishwa kwa Dalmeshia kizazi baada ya kizazi, wakichaguliwa waliobeba nakala nzima. Vilabu vilipinga kwa miongo kadhaa kwa jina la usafi wa damu. Klabu ya Uingereza ilikubali kumsajili mmoja wa uzao huo mwaka 2010, na ya Marekani ikafuata 2011. Ukiwaweka mbele ya mtu asiyejua, hawezi kuwatofautisha na wengine. Tofauti iko kwenye mkojo.

Kwa Sussex hakuna kasoro moja ya kuondoa, kuna umaskini wa jumla, kwa hiyo mchanganyiko mmoja hautatosha. Yatahitajika madume kadhaa wasio ndugu. Ningewatafuta kwa koka wa kazini, ambao ni wengi, wana umbo lisilo mbali mno, na nyonga zao kwa jumla ni nzuri kuliko za Sussex. Watoto wa kwanza watakuwa wepesi kupita kiasi, wengine weusi, na pengine hawatabweka kichakani. Warudishwe kwa Sussex, na watoto wao pia, na wajukuu, kila kizazi kwa majike tofauti. Na wapimwe PDP1, nyonga na moyo kabla mtu yeyote hajauliza habari ya rangi yao.